Mlango wa Mama

Katika miaka minne ya kwanza ya ndoa yetu tulihama mara saba, na kila mara watu walituuliza tumefanya kosa gani. Swali hilo lilinikera kuliko kuhama kwenyewe. Mtu akikuona unafuata mkokoteni wenye kitanda chako, godoro na sufuria zako, anajua papo hapo kwamba wewe ndiye mkosaji. Hakuna anayeuliza mwenye nyumba amefanya nini. Basi nitaeleza hapa, maana wakati ule hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Mume wangu alikuwa mtu wa mjengo. Alianza kwa kubeba zege, akajifunza kujenga ukuta, na kufikia mwaka wa pili wa ndoa yetu mafundi wakubwa walikuwa wakimtafuta yeye pale ukuta ulipotakiwa kunyooka. Kazi ilikuwa leo Riruta, mwezi ujao upande mwingine wa jiji, nasi tulifuata kazi. Mara mbili za kwanza tulihama kwa sababu hiyo, na hizo sizilalamikii. Zilizofuata ndizo zinazonichemsha damu hadi leo. Mwenye nyumba mmoja wa Kawangware alitutoa kwa sababu mpwa wake alikuwa ameoa na alitaka chumba chetu hasa, chenye dirisha. Mwingine alisema harufu ya dagaa wangu wa omena inaingia kwenye ukuta na haitoki. Mtaro wa maji machafu ulipita mbele ya mlango wake mwenyewe, na huo hakuwahi kuunusa.

Mume wangu alikuwa akicheka. Angefunga kitanda kwa kamba, aniambie, "Mwenye nguvu mpishe," kisha achukue upande mzito wa mkokoteni. Sikuipenda methali hiyo. Niliona tumempisha kila mtu Nairobi nzima, na bado hatujaona anayetupisha sisi.

Nilivumilia hadi habari ya macho ya mama yangu ilipofika.

Jicho lake la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Kule kwetu ziwani daktari alimwandikia barua ya kuja hospitali ya macho Nairobi. Angefanyiwa upasuaji, kisha arudi kuonwa kila baada ya siku chache kwa karibu mwezi mzima. Mama alikuwa mjane anayelima mwenyewe na kuchota maji mwenyewe. Jicho la pili likizimika angekuwa mtu wa kushikwa mkono maisha yake yote, na mimi ndiye binti pekee aliyekuwa mjini.

Hapo ndipo chumba kimoja kilipogeuka kuwa balaa. Kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake. Si suala la kuchukiana. Mama alimpenda mume wangu na alimwombea kila Jumapili, lakini hawakuwahi kupeana mkono wala kula pamoja, na walipokutana njiani yeye mume ndiye aliyesogea kando na kuangalia chini. Sasa mlaze mtu wa namna hiyo katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda chetu upande huu na yeye upande ule, katikati pazia la maua. Mama aliniambia wazi: pazia ni nguo, na nguo si ukuta.

Tulikuwa tukiishi Kabiro alipokuja mara ya kwanza. Mama mmoja wa kanisani, mjane kama yeye, alikuwa na chumba mlango wa tatu kutoka kwetu, akakubali alale kwake. Nilidhani mambo yamekaa sawa. Siku ya tatu asubuhi mwenye ploti, mama mnene aliyezaliwa papo hapo kwenye shamba la baba yake kabla halijawa nyumba za kupangisha, alinikuta bombani.

"Mlisema mko wangapi?" aliniuliza.

"Wawili."

"Na huyo mzee anashikwa mkono kila asubuhi kupelekwa choo?"

"Ni mama yangu. Amekuja hospitali."

"Hospitali ziko na vitanda. Hapa choo ni moja na watu ni wengi. Mgeni ni siku mbili, hata wazee walisema."

Nilimjibu kwamba wazee walisema siku ya tatu mpe jembe, hawakusema mfukuze. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka, na nadhani kicheko hicho ndicho kilichoniponza, kwa sababu jioni hiyohiyo alikuja na kusema ama mama aondoke ama tuondoke sote. Alisema kwa sauti ya kusikika vyumba vitatu. Mama alisikia. Kulipokucha alikuwa amekaa kitandani na mfuko wake mapajani, akitaka apelekwe kwenye basi. Nilimsihi hadi nikakasirika, nikamwambia anamsaidia yule mwanamke kutuonea. Alinijibu kwamba yeye hakuja Nairobi kumvunjia mtoto wake nyumba. Akarudi na jicho lake lilelile, na siku aliyopangiwa hospitali ikapita.

Usiku huo mume wangu hakutaja methali yoyote. Alisema tu, "Tutahama, lakini safari hii tunahama kwa sababu yetu."

Tulivuka Ngong Road na mkokoteni tukaenda Kibera, Soweto West. Watu wa Kabiro waliona tumeshuka daraja, kutoka nyumba ya mawe hadi ya udongo na fito. Lakini yeye alikuwa ameichagua kwa makusudi. Ukuta wa mawe huwezi kuugusa. Ukuta wa udongo, fundi anautoboa na kuuziba kabla hujamaliza kupika. Chumba hiki kilikuwa kirefu kuliko vyote tulivyowahi kupanga, na ubavu wake mmoja ulitazama kijia. Alitaka kukigawa kwa ukuta wa kweli na kukata mlango wa pili upande wa kijia, ili mama mkwe wake aingie na kutoka kwake bila kupita karibu na kitanda chetu.

Aliomba ruhusa. Hilo nalisema kwa herufi kubwa moyoni mwangu, kwa sababu baadaye ruhusa hiyo iligeuzwa maana. Mwenye ploti wa hapo Kibera, mzee mmoja, alisimama pale mlangoni, mikono nyuma, akatazama ukuta, akasema, "Toboa tu, bora usiniangushie nyumba."

Kazi ilichukua Jumapili tatu na jioni zote za katikati. Mbao zilikuwa masalio ya mjengo, zile za kushikia zege, ambazo msimamizi alimruhusu kuchukua. Alizikwangua saruji, akaazima randa, akazilainisha hadi ukipitisha kiganja hakichomwi. Hakuweka kizingiti cha chini, kwa kuwa mtu asiyeona hujikwaa hapo. Badala yake aliinua ardhi ya nje kidogo kwa mteremko, maji ya mvua yasiingie. Upande wa kushikia alichonga mahali pa vidole. Nilimtazama akichonga na nikaona haya, maana nilikuwa nimempigia kelele wiki nzima kuhusu vumbi. Alikuwa anamtengenezea mlango mtu ambaye hakuwahi kumtazama usoni.

Nikapiga udongo ukutani, nikapangusa, nikatandika kitanda cha kamba. Nikatuma neno kwa mtu wa nyumbani aliyekuwa akisafiri: mwambie mama ana mlango wake. Jibu lilirudi kwamba angefika Alhamisi asubuhi.

Jumatano nilirudi kutoka sokoni, nilikokuwa nauza nguo za watoto za mitumba, nikakuta kufuli kwenye mlango wa mama. Si kufuli letu. Juu ya ubao mtu alikuwa ameandika kwa chaki nambari kumi na mbili. Ploti ile ilikuwa na nyumba kumi na moja. Kitanda cha kamba kilikuwa kimeegeshwa nje ya upande wetu, pamoja na shuka niliyoifua kwa ajili ya mama.

Nilimkuta mwenye ploti kwenye kibanda cha chai.

"Nani ameweka mtu kwa nyumba yangu?"

Hakuinuka. "Nyumba yako ni gani, mama? Wewe ulipanga moja. Hiyo ingine mlinitengenezea, na nimeshukuru."

"Ulimwambia mume wangu atoboe."

"Nilimwambia atoboe. Sikumwambia ni yake. Mimi nahesabu milango. Milango mbili ni nyumba mbili, na huwezi lala kwa nyumba mbili."

Alisema bila ukali, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, na wanaume waliokaa naye wakatikisa vichwa kwamba hiyo ni hesabu sawa. Nimetukanwa mara nyingi Nairobi, na matusi yote nimeyasahau. Ile shukrani yake sijaisahau. Mikono ya mume wangu, Jumapili zake tatu, heshima aliyomwekea mama yangu, vyote mtu huyu alivichukua kwa kipande cha chaki na bado akamaliza chai yake.

Nilirudi nikiwa tayari kugombana na yeyote aliyepewa chumba kile. Waliopangishwa walirudi baada ya saa moja na wakafungua kufuli. Walikuwa wawili, wameoana juzi, na sanduku moja na jiko jipya ambalo halijashika masizi. Msichana alikuwa mdogo kuliko mimi. Aliniona nimesimama na mikono kiunoni, akanisalimia, "Sasa, jirani," kwa sauti ya mtu anayetaka kupendwa. Nikamwambia chumba hicho ni cha nani na mgeni wake anaingia lini. Nilimwambia kwa hasira ambayo haikuwa yake.

"Haki sikujua," alisema. "Tuliambiwa iko wazi. Kule tumetoka tulifukuzwa jana."

Mume wangu aliporudi alisoma nambari ile, akapitisha kidole mahali alipochonga pa kushikia, akaingia ndani akakaa. Nilimwambia aende akamshike yule mzee shati. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika. Yeye aliniuliza jambo moja tu: "Mama ameshapanda basi?" Nikasema ameshapanda. Hapo ndipo nilipolia, kwa hasira, si kwa huzuni.

Ukuta ule mume wangu aliujenga vizuri, lakini udongo ni udongo, na sauti inapita. Baada ya kitambo msichana alibisha kwetu.

"Nimesikia," alisema. "Mathe alale kwangu. Mimi si mtoto wake na bwanangu si mkwe wake, hakuna mtu wa kumwonea haya. Bwanangu atakuja alale huku kwenu na bwanako. Wewe kuja kwetu."

Nilimtazama mumewe, kijana wa watu, aliyekuwa ameoa juzi na sasa anaambiwa akalale na mwanamume wa mjengo anayekoroma. Alikuna kichwa, akasema kama ni hospitali, hakuna shida.

Ndivyo mama yangu alivyolala nyuma ya mlango wake, kama mgeni wa watu wasiomjua. Siku ya kwanza alipapasa ubao kuanzia juu hadi chini, akafika mahali pa vidole, akaacha mkono hapo. Sikumwambia habari ya mwenye ploti. Nilimwambia vijana hawa ni jirani wema, na hilo lilikuwa kweli. Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia wiki iliyofuata.

Bandeji ilipotolewa nilimrudisha mchana, jua kali, akitembea bila kushikwa. Mume wangu alikuwa nje, akasogea kando na kuangalia chini. Mama alipita, akasimama mbele ya mlango, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hii nambari ni ya nini?"

Sikuweza kumficha tena. Nilimweleza yote, hadi ile shukrani. Mama akalowesha ncha ya leso yake kwenye ndoo, akaifuta nambari ile taratibu, akihakikisha hata unga wa chaki uliobaki kwenye nyufa umetoka. Akasema kwa sauti, akijua mkwe wake anasikia, kwamba mlango wake umepakwa uchafu na yeye amekuja Nairobi apate kuona uchafu kama huo.

Kesho yake mwenye ploti aliiandika tena. Mama akaifuta. Iliendelea hivyo hadi siku aliyorudi nyumbani, akiwa na jicho moja zima, na baada yake nikafuta mimi. Miezi miwili baadaye mwenye ploti alitutaka tuhame. Hakusema ni kwa sababu ya chaki. Alisema mwanawe anataka chumba. Tulifunga kitanda kwa kamba, na mume wangu akachukua upande mzito. Nilirudi mara ya mwisho na kitambaa, nikamkuta msichana tayari amesimama hapo na chake, kimelowa.

"Endeni tu," aliniambia. "Huku nitakuwa nafuta mimi."