Mti Ambao Mke Wake Hakuugusa

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza fomu foo, nangoja matokeo nyumbani Laare, na kanisani kwetu ni mimi peke yangu nilijua kupiga kinanda chetu cha kukanyaga pampu. Basi nikapewa mwanafunzi: mzee wa sauti ya besi kwa kwaya, mkulima wa miraa, rika la baba yangu. Mke wake alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Siku ya mazishi hakulia hata kidogo, na watu waliongea. Sasa familia ilikuwa inapanga ibada ya ukumbusho, na yeye alitaka kitu kimoja tu: apige mwenyewe ule wimbo mke wake alikuwa akiimba akipika.

"Wengine wasimpigie," aliniambia. "Mimi ndiye bwana yake."

Tulikuwa na Jumamosi sita. Niliandika namba kwa chaki juu ya kinanda, moja mpaka nane, na kwa Jumamosi mbili akazishika zote. Hakukosea. Lakini alipiga kama mtu anapigilia misumari kwa mabati, na mimi subira sina, nikamwambia hivyo hivyo.

Alicheka. "Mwalimu, hata mabati huimba mvua ikinyesha."

"Basi nyesha, Baba!"

Nilimpa karatasi na kipande cha makaa. Nikamwambia achore vile huo wimbo unamfanya moyoni, halafu tupige hiyo picha, tuachane na namba. Mwalimu wetu wa muziki shuleni alitufunza hivyo. Mzee aliangalia karatasi kama barua imetoka kwa chifu. "Mimi si mtoto wa nasari," akasema, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumamosi ya tatu alichelewa, nikamfuata shambani. Nilimpata juu ya mti anachuma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu, anatoa ile ncha nyekundu na tawi halitingishiki. Nikasahau kila kitu.

"Baba, ndio hiyo! Huo mkono ndio nataka kwa kinanda! Si unafanya hivi?" Nikanyoosha mkono, nikachuma ncha moja kwa tawi la chini.

Kwetu mwanamke hachumi miraa, hata msichana kama mimi. Hagusi mti, na huo ulikuwa mti wa babu yake. Nilijua hayo tangu nikiwa mdogo, lakini haraka yangu ilinitangulia. Mzee alishuka polepole. Hakunigombeza.

"Enda nyumbani," akasema.

Mama yangu aliposikia alishika kichwa. "Hiyo shule ilikufunza yote, ikasahau kukufunza kuzuia mikono yako!" Akajaza kibuyu uji wa mtama, tukaenda kuomba msamaha. Mzee alikunywa, akasema yameisha. Lakini kwa kinanda hakuja. Jumamosi mbili nilikaa kanisani peke yangu, nikijua nimemwibia ule wimbo.

Jumamosi ya mwisho akaingia. Alitoa ile karatasi, akainyoosha kwa goti. Alikuwa amechora mti mkubwa, na chini yake mama amebeba majani ya mgomba ya kufungia miraa, uso ameinua.

"Miaka yetu yote ya ndoa alisimama hapo akinipokea," akasema. "Siku moja akaniuliza, 'Mzee, hiyo ncha ikiwa kwa vidole inasikika aje?' Nikamwambia aache mchezo. Sasa wewe uliponyoosha mkono, nilimwona yeye."

Nilifuta zile namba zote kwa leso yangu, nikaweka picha mahali pa kitabu cha nyimbo.

"Mwambie sasa inasikika aje," nikasema.

Aliangalia picha. Halafu akapiga kama anachuma.

Siku ya ibada alipiga beti mbili, mimi nimekaa kando yake, kwaya ikimfuata. Ubeti wa tatu akakwama katikati. Alikuwa analia, machozi wazi mbele ya wale wote walioongea, na miguu yake bado inakanyaga pampu, kinanda kinavuta pumzi bila sauti. Noti aliyoitafuta niliijua. Ilikuwa karibu na kidole changu. Nilikalia mikono yangu miwili na nikangoja, na kungoja huko kuliniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Aliitafuta mwenyewe. Akaipata, na besi wakaingia.