Mama Mukwe Chini ya Amri Yangu

Jumapili ile, kabla sijarudi kambini, mama yangu alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwetu, televisheni ameigeuzia jikoni ili asikose kitu. Kwenye mchezo, Mama Mukwe alikuwa akimgombeza mkwewe kwa sababu ya kuku aliyeungua. Mama Mukwe huyo alikuwa mwanaume, Ferdinand, mchekeshaji aliyejulikana Lubumbashi nzima, kuanzia majumba ya matajiri mtaa wa Golf hadi kwetu Katuba. Alifunga kitambaa kichwani, akabana midomo, na watu walikuwa hoi kabla hajasema neno. Mama alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Baada ya miezi michache waliniletea askari mpya. Mimi nilikuwa kaporali. Yeye hakuwa na cheo chochote. Kichwa kimenyolewa, buti zinambana. Alipotaja jina lake, Ferdinand, vijana wangu wakaangua kicheko.

Vita vya mashariki vilikuwa vimepamba moto. Wakubwa walitaka kumweka ofisini, awe anawachekesha wageni. Alikataa.

"Batoto ya avenue yetu banaenda ku vita," aliniambia. "Mi nitabaki kwa kuchekesha bamama yabo?"

Taabu ilikuwa moja: kila alichosema kilichekesha. Akiomba maji, wanacheka. Siku moja akiwa zamu aliuliza, "Nani pale?" na doria yetu iliyokuwa inarudi ikakaa chini kwa kucheka. Tangu hapo akawa mtu wa maneno machache. Alichimba mahandaki, alisugua masufuria, alibeba masanduku ya risasi bila kulalamika.

Aliyemsumbua zaidi ni Kalenga, kijana wa Katuba kama mimi, mpiga bunduki kubwa wetu.

"Papa Ferdinand, sauti ya Mama Mukwe. Kidogo tu."

"Hapana, mutoto yangu. Huku niko soda, askari sawa weye."

Lakini walikuwa hawaachani. Tulifua nguo mtoni tukiimba, Kalenga akiharibu nyimbo zote kwa sauti yake mbaya, Ferdinand akiteleza kwenye matope na kucheka kabla yetu. Sijawahi tena kuwa na marafiki kama wale.

Asubuhi moja tulikuwa tunawavusha watu waliokimbia kijiji chao. Daraja lilikuwa la magogo, jembamba.

Risasi zikaanza kutoka kilimani.

Watu wakalala juu ya daraja. Mama mmoja aliyekuwa mbele alikumbatia gogo, akafumba macho. Waliokuwa nyuma yake hawakuweza kupita.

Kalenga akaanza kujibu kwa bunduki yake kubwa.

Nilipiga kelele wasogee. Hakuna aliyesogea.

Ndipo nikasikia sauti ile, kali, ya puani.

"Wee mwanamuke! Unakumbatia muti sawa bwana yako? Simama, mukwe yangu, chakula inaungua!"

Ferdinand alikuwa amesimama ng'ambo, wazi kabisa, mkono kiunoni. Yule mama akafumbua macho. Alikuwa bado anatetemeka, lakini alicheka. Akatambaa, kisha akasimama. Wengine wakamfuata, huyu analia, yule anacheka, na Mama Mukwe akiwagombeza mmoja mmoja: suruali ya huyu, mbuzi wa yule. Nilimtazama Kalenga. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko, na bado alikuwa analenga.

Wote walivuka, nami nyuma yao.

Kalenga alipigwa alipoinuka kutufuata.

Alikufa mikononi mwa Ferdinand kabla gari halijafika.

Tulipopata likizo, mimi na Ferdinand tulikwenda kwa mama yake Kalenga. Alitupa bukari na samaki wa Kasenga. Habari za risasi hakutaka. Aliuliza mwanawe alikuwa anakula nini, na rafiki zake walikuwa nani. Tukamweleza juu ya kufua na zile nyimbo, naye akacheka, mkono mdomoni, akisema hata kanisani walikuwa wanamuomba anyamaze.

Kisha akaniuliza, "Alikuwa na furaha?"

"Ndiyo, mama. Sana."

Nilisema kweli. Miaka ile ilinipa kicheko ambacho sijakipata mahali pengine, na waliovuka siku ile wako hai. Ninafurahi kwa ajili yao. Lakini siwezi kumwambia mama yule kwamba hayo yanatosha. Yeye alikuwa na kijana mmoja. Alitusindikiza hadi barabarani, akamtengeneza Ferdinand kola ya shati, akarudi ndani peke yake.