Laptopu Iliyozimika Katikati ya Wimbo

Mwaka 2012 ulipokuwa ukielekea kwisha, kazi yangu ilikuwa kupiga video za harusi na kwaya, nikizunguka kati ya Lodwar kwetu na Kakuma. Nilikuwa na kamera niliyoachiwa na kaka yangu, na laptopu nyeusi iliyonifikia ikiwa imeshapita mikono ya watu. Kukata na kuunganisha picha nilijifunza mwenyewe. Watu wengi hawakulijua jina langu. Waliniita dada wa video, na nilipenda kuitwa hivyo.

Mwaka huo kwaya ya kina mama wa Sudan Kusini, waliokuwa wakiishi kambini Kakuma, iliniita. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu mwenye sauti nzito, sauti ambayo ikianza kuimba hata watoto wachanga hunyamaza. Alikuwa amepata nafasi ya kuhamia Australia pamoja na mabinti zake. Baada ya ibada alinishika mkono akanivuta kando.

"Binti yangu, mimi nakwenda, hawa wanabaki. Nataka niende na sauti zao, nao wabaki na yangu."

Nilirekodi nyimbo zao zote. Picha zilitoka nzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya. Nikarudi Lodwar kuunganisha vipande viwe filamu moja, kazi ambayo laptopu huifanya yenyewe ukishaiamuru, wewe unakaa tu na kungoja.

Balaa ikaanza. Feni ilikuwa ikinguruma kama pikipiki inayopanda mchanga, chini ya kibodi panapata moto hadi viganja havivumilii, kisha ghafla kioo kinakuwa cheusi. Hakuna onyo lolote. Nikiiwasha tena, kazi yote inaanza mwanzo.

Niliiinua juu ya mikebe miwili ya maziwa ili ipate hewa. Niliielekezea feni ya mezani. Niliamka alfajiri nikidhani ubaridi utanisaidia, lakini joto la Lodwar halina mahali pa kwenda kulala, na laptopu ilijikokota kidogo tu kabla ya kuzimika. Mama yangu akawa kila asubuhi akipita karibu na meza anaiamkia kwa Kiturkana: "Ejok?" Ikinyamaza, anacheka na kwenda zake jikoni. Fundi wa simu pale sokoni alikataa hata kuigusa. "Laptopu za watu mimi sifungui," aliniambia. "Ikifia mikononi mwangu nitakujibu nini?"

Kisha nikapigiwa simu kutoka Kakuma. Safari ya yule mama ilikuwa imewahishwa, angeondoka wiki hiyohiyo. Nikapanda pikapu na laptopu mapajani, nimeifunga kwa leso isiingie vumbi, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi.

Kanisani niliwakuta kina mama wamekwisha kuketi, wamevaa vizuri, wakidhani nimewaletea filamu. Nikawaambia ukweli. Yule kiongozi akaitazama laptopu kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Khalas? Imekufa?"

"Haijafa, Mama. Inachoka na joto."

"Hata sisi tunachoka na joto," akasema, "lakini hatujaacha kuimba."

Wenzake wakacheka, mimi nikabaki na maneno yale kifuani. Nikaona ni afadhali niiharibu nikijaribu kuliko kuirudisha Lodwar nzima na isiyo na faida. Mpiga kinanda wa kanisa, ndugu mmoja kutoka Kongo, ndiye aliyekuwa akitengeneza vyombo vyao vya sauti. Nikamwomba bisibisi zake ndogo.

"Dada, umeshafungua ya namna hii?"

"Bado."

"Hata mie. Basi tutafungua pole pole."

Tulifunga milango ili upepo usituletee vumbi. Tukageuza laptopu juu ya benchi, na kila skrubu iliyotoka tuliipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa mahali ilipotoka. Tulipoinua feni, nilipiga kelele. Vumbi lilikuwa limejisokota mle ndani likawa nene na laini kama kipande cha blanketi, limeziba kabisa njia ya hewa. Nililivuta kwa kucha, likatoka zima. Kina mama walilipitisha mkono kwa mkono wakishangaa. Tukasugua kila pembe kwa brashi, tukafunga, nikawasha. Feni ikavuma kwa wepesi ambao sikuwahi kuusikia. Nikaamuru filamu iunganishwe, na ule mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia ukaenda, ukaenda, ukapita nusu. Haukuwahi kufika hapo. Kina mama wakaanza kupiga makofi.

Laptopu ikazimika.

Nilitaka kulia. Niliketi sakafuni, nikaweka mkono kwenye tundu la pembeni ambako hewa ya moto hutokea. Palikuwa na uvuguvugu tu. Nikagusa tumboni mwa laptopu, pakaniunguza. Nikarudia, pembeni, kisha chini.

"Ndugu," nikamwita mpiga kinanda, "njoo ushike hapa. Joto liko ndani lakini halifiki kwenye feni. Kuna mahali limekwama."

Tukafungua tena, safari hii hadi chini kabisa. Joto la chipu kubwa, ile iliyo ubongo wa laptopu, hubebwa na kibomba bapa cha shaba hadi kwenye feni. Nilipokiinua kile kibomba niliona kwamba kati yake na chipu paliwahi kupakwa kitu, lakini sasa kilikuwa kimekauka na kupasukapasuka, kinabanduka kama magamba. Nikajiuliza kilikuwa nini kilipokuwa kibichi. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku nilipokuja kurekodi, nilimwona mpiga kinanda akipaka kitu cheupe ndani ya amplifaya ya kanisa.

"Ile dawa nyeupe uliyoipaka kwenye amplifaya, ni ya nini?"

"Ya kupitisha joto," akajibu. Kisha akanitazama, macho yakamtoka, akaangua kicheko. Alikimbia kuifuata bila hata kuvaa viatu.

Tulisafisha yale magamba kwa spiriti, nikapaka dawa mpya, nyembamba, kwa ncha ya kidole. Tulipowasha, feni haikuzunguka kabisa, nikadhani nimeiua, hadi nilipoona kwamba nilikuwa nimesahau kuchomeka waya wake. Nilipouchomeka, mafuta ya jenereta ya kanisa yalikuwa yameisha, ikabidi tungoje kesho.

Kesho yake jenereta ikawashwa jua likiwa utosini, mabati ya kanisa yakilia kwa joto. Sikuweka mkebe wala feni ya mezani. Niliiweka laptopu juu ya benchi kama kompyuta yoyote ya mtu, nikaamuru, nikarudi nyuma. Kina mama hawakuweza kukaa kimya, wakaanza kuimba, mpiga kinanda akiwafuatisha. Mstari wa kijani ukapita nusu. Ukapita pale ulipokuwa umefia jana. Mpiga kinanda akaacha kupiga, akaja kusimama nyuma yangu. Ulipogusa mwisho niliinua mikono juu, na kanisa zima likalipuka kwa vigelegele. Mtu alinibeba. Mpaka leo sijui ni nani.

Tuliitazama filamu pale pale, tumebanana. Yule mama alijitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe nimezeeka hivi?" akasema. Kisha sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika, naye akatabasamu. "Lakini hii haijazeeka."

Aliondoka na nakala yake ndani ya mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, na kila mwanakwaya akabaki na ya kwake.

Mwaka uliofuata serikali ya kaunti ilianza, Lodwar ikajaa wageni na laptopu zao, na vumbi likaanza kuzila moja baada ya nyingine. Nikakodi chumba karibu na soko, nikachora kibao kwa rangi nyekundu: TUNAPOZA LAPTOPU. Asubuhi ya kwanza aliingia mwalimu mmoja, yake imezimika darasani mbele ya wanafunzi. Nikamvutia kiti, nikaigeuza juu ya meza, nikatoa skrubu ya kwanza. Nikaiweka kwenye sahani, mahali pake.