Jipu Ambalo Halikuwa Jipu

Kaka yangu ndiye aliyenikata. Nalisema mapema kwa sababu nyumbani kwetu Koboko jambo hili halisemwi.

Uvimbe ulianza chini ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya karanga. Hauumi, hauwashi. Nilikaa nao miaka, nikiufunika kwa mtandio. Ulipofikia ukubwa wa yai la njiwa, nikaenda kwa kaka kwenye duka lake la dawa. Zamani aliwabebea madaktari wa jeshi mikoba, na tangu hapo mtaa mzima unamwita daktari.

"Nataka kwenda hospitali Arua," nilimwambia.

"Arua kufanya nini? Hii iko jipu tu. Mimi nafungua sasa hivi, unaenda kupika."

Aliuchana kwa wembe. Usaha haukutoka. Kilitoka kitu cha kunata kama mlenda, na damu. Akaminya, akaminya tena, akafunga bendeji.

Mwaka haukuisha, kovu likaota vinundu vitano, sita, kama mahindi chini ya ngozi. Nikapanda gari la Arua bila kumuuliza mtu.

Daktari wa upasuaji, mwanamke mpole, alilipapasa kovu kwa muda mrefu.

"Mama, nani alipasua hii?"

"Ndugu yangu."

Alinichoma sindano kwenye kinundu kimoja, akavuta majimaji ya kupima. Majibu ya sindano yaliporudi, alinieleza: "Ni uvimbe wa tezi ya mate. Si saratani. Ungetolewa mzima na ganda lake, pengine yangekwisha. Ulipochanwa, mbegu zake zilimwagika. Sasa zimeuzunguka mshipa unaosogeza uso. Nitajaribu kuuokoa, lakini siwezi kuahidi."

Nilitia sahihi fomu ya upasuaji.

Nilipozinduka, muuguzi aliniambia nifunge macho. La kulia likafunga. La kushoto likabaki likimtazama. "Cheka kidogo, mama." Nusu ya mdomo ikacheka.

Niliporudi nyumbani watu walikuja kunipa pole. Kaka alikaa katikati yao. "Mnaona watu wa Arua? Wameharibu uso yake. Mimi nilimkataza."

Nilifungua mdomo. Mama akanishika goti, akaninong'oneza, "Mwanangu, usimwaibishe kaka yako mbele ya watu." Nikanywa chai badala ya kusema. Chai ikanichuruzika kidevuni, na kaka, mbele ya wote, akanipa leso yake.

Vinundu havijarudi. Jicho nalibandika plasta ninapolala. Wageni wasionijua hudhani nawabetulia mdomo.

Mwezi uliopita nilimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi la duka lile, taya limevimba upande mmoja. Nilivua mtandio, nikamwonyesha uso wangu wote.

"Nenda Arua," nikamwambia. "Leo. Huyu asikuguse."

Kaka alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Yule mwanamke aliinuka, akaondoka. Tangu siku hiyo kaka hanisalimu, na mama anasema niende nikamwombe radhi. Sijaenda.