Kilio cha Penye Uzio

Mama yangu alizikwa kijijini kwetu, karibu na Tosamaganga, nami sikulia. Sijui kwa nini. Nilikaa mkekani nikatazama miguu ya watu. Wanawake walinong'ona kwamba huko Mbeya nimepata roho ngumu.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu, alifika mchana. Nilimwona akija kwa mwendo wake wa kawaida, amebeba mfuko wa mchele wa Madibira. Alipofika penye uzio akauweka chini, akafunga kanga kiunoni, akaanza: "Dada yangu weee! Umeniacha na nani?" Akaingia akiyumba, wanawake wakamdaka, wote wakalia naye. Baadaye kidogo akanyamaza, akapenga kamasi, akauliza kama maharage yameshabandikwa.

Kwetu kila mwanamke anayefika msibani hufanya hivyo. Lakini siku ile nilimtazama kwa jicho la mwigizaji, na sikujipenda.

Maana Uyole, huko Mbeya ninakoishi, nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo, na Jumamosi iliyofuata mwalimu wetu angechagua mtu wa kucheza binti aliyefiwa, katika filamu yetu ya kwanza. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Shule niliishia darasa la saba. Kuigiza ndicho kitu pekee nilichowahi kuambiwa nakiweza.

"Usiigize kilio," mwalimu aliniambia Jumamosi ilipofika. Yeye alisomea sanaa chuoni. "Mkumbuke mama, machozi yatakuja yenyewe."

Mwenzangu mmoja akanivuta pembeni. "Achana naye, dada. Paka kitunguu vidoleni. Mama yake mwenyewe yuko hai, anajua nini?"

Nilimkumbuka mama. Hakikuja kitu. Walionitangulia walikuwa wamelia vizuri tu, na mwalimu alishaanza kumwita anayefuata. Nikaomba nianze upya, nikitokea nje.

Uani niliweka begi chini, nikafunga kanga kiunoni, nikapaza sauti: "Mama yangu weee! Umeniacha na nani?" Maneno yalikuwa ya mama mdogo. Lakini nilipovuka kizingiti nilijikuta nayumba, na sauti iliyonitoka sikuijua. Wenzangu wakaja kunidaka bila kuambiwa.

"Jamani," mwalimu akasema. Kisha akaitazama simu aliyorekodia. "Samahani, haikushika. Unaweza kurudia?"

Nikarudia, kuanzia kwenye begi. Ikatoka ileile, mpaka kuyumba.

"Nafasi ni yako. Umemkumbuka mama, eeh?"

Nikasema sijui. Akacheka, akadhani naona aibu.

Jioni nikampigia mama mdogo. Tulipomaliza kusalimiana nikamweleza yote, halafu nikamuuliza: siku ile penye uzio, ulikuwa unalia kweli?

"Swali gani hilo, mwanangu? Ulitaka niingie kimya kama mgeni wa harusi?" Kisha akaniuliza: "Na wewe huko, ulilia kweli?"

"Mara ya kwanza nadhani ndiyo, mama. Ya pili sijui."

"Basi usiniulize mimi."

Kesho tunaanza kurekodi. Mwalimu amesema kilio kile tutakirudia mpaka mwanga ukae sawa. Nimefua kanga na kuianika. Nilipokuwa naikamua machozi yalinitoka, peke yangu uani, na jambo la kwanza nililofanya ni kujitazama kwenye maji ya beseni, mdomo wangu umekaaje.