Utomvu wa Mgomba

Nilikwenda chekechea ya binti yangu nikiwa na sare yake kwapani, nimekasirika. Utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo umehamia, hautoki kwa sabuni wala kwa jua, na sare ile ilikuwa mpya. Nilimpeleka mtoto akasome, siyo akashinde shambani. Shamba tunalo nyumbani.

Darasani hapakuwa na mtu. Nilifuata vicheko hadi nyuma ya shule, kwenye mteremko wa migomba, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Watoto walikuwa wanateleza juu ya maganda mabichi ya mgomba, wawili wawili, wa nyuma amemshika wa mbele kiunoni.

Mwalimu wao, msichana mdogo tu, akanisalimia, "Shikamoo mama."

"Marahaba," nikajibu, nikaanza kuikunjua ile sare.

Binti yangu akaniwahi. Huyu ni mtoto ambaye wageni wakija nyumbani hujificha nyuma ya mlango. Siku hiyo alinishika mkono mbele ya wenzake wote, akasema kwa sauti, "Mama, mimi sina mwenzangu. Kaa nyuma."

Nikakaa. Tulikwenda kusimama chini kabisa, kwenye shina la mti wa kahawa, tumelowa, tunacheka.

Sare sikuitaja tena. Kitenge changu kina doa jeusi mpaka leo. Nakivaa hivyo hivyo kanisani, na tukikutana mlangoni na mwalimu yule, ingawa mkubwa ni mimi, mimi ndiye ninayewahi kusalimu.