Kichwa cha Mbasa Gatini

Mimi sijui kumung'unya maneno. Ndiyo maana mchumba wangu, tulipokuwa tunateremka milima kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, aliniomba nisimjibu mama yake chochote mpaka tuwe tumeshakula. Nikamwambia sawa. Mama mwenyewe alikaa kiti cha mbele garini, rozari mkononi, anazitazama kona za barabara kana kwamba mimi ndiye niliyezikunja.

Mambo yalikuwa hivi. Mchumba wangu ni Mmatengo wa Mbuji, anaendesha lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka, na kwao ni watu wa kahawa na mahindi. Mimi ni Mnyasa, nimezaliwa pale ufukweni mwa ziwa, nina cherehani zangu mjini Mbinga na sare za nusu ya kwaya za mji huo nimezishona mimi. Tulitaka kufunga ndoa kanisani. Baba yake alishakubali. Mama yake alikuwa amekataa, na bila yeye hakuna ambaye angekuja kubisha hodi kwetu kuleta posa. Sababu yake ilikuwa hiyo hiyo kila akiulizwa: Wanyasa hawalimi, kazi yao ngoma na samaki, na mwanawe akienda huko ndiyo basi tena. Nilipoletewa maneno hayo niliwaka. Halafu nikasema, basi aje. Kama ni ngoma na samaki nitampeleka zilipo, mchana kweupe sifichi na jioni sifichi.

Nikampeleka gatini. Ni gati la mbao, lilijengwa na mwenye hoteli mmoja kwa ajili ya starehe tu, limeingia majini mpaka mahali ambapo watoto hawafiki kwa kuogelea. Jumamosi jioni wanawasha taa za rangi, spika zinafungwa kwenye nguzo, wapiga picha wanawapanga wachumba wakae ukingoni miguu ikining'inia. Kule mwanzoni, upande wa mchanga, wanawake wanakaanga samaki. Mmoja wao ni shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu posa haipokelewi kabla yeye hajafungua mdomo.

Mama alipokanyaga mbao na kuona maji yanacheza katikati ya nafasi zake, alinishika mkono. Hakupenda kunishika, lakini alinishika.

"Hapa chini kina chake ni cha vipi?" akauliza.

"Cha kutosha, mama."

Mchumba wangu alinikata jicho.

Tulikwenda polepole hadi mwisho wa gati, tukarudi. Kikundi cha kioda kilikuwa kimeanza kucheza mchangani, wanawake peke yao, wengine wa umri wa mama mwenyewe, wamevaa sare. Akasimama. Nilikuwa najua anachokwenda kusema, nikajiandaa kuuma ulimi.

"Mbona hii hata sisi kwetu tunaicheza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ila sisi tunacheza tukishavuna."

Mchumba wangu akaanza kukohoa kikohozi cha uongo, na mimi nikamwonyesha mama mashamba yetu ya muhogo kule juu ya mji, ambayo kwa mwanga ule bado yalionekana. Aliyatazama kwa muda mrefu kama mtu anayekagua. Hakusema kitu, na kwa mtu yule nililihesabu hilo kuwa ni ushindi.

Shangazi alitutandikia mkeka karibu na karai lake, akaleta sinia. Ugali wa muhogo, na mbasa mzima mkubwa, samaki wa ziwa letu, ambaye nilijua alikuwa amemweka tangu asubuhi akikataa kumuuza. Alimgeuza samaki mpaka kichwa kikamwelekea mama. Kwa shangazi yangu hicho ndicho kiti cha heshima. Mgeni akila kichwa, amekubali kuwa wa nyumba ile. Hakuna anayesema, inajulikana.

Mama alikitazama kichwa kile. Akanawa, akasali, akakikata kwa vidole vyake taratibu, vizuri kabisa, akakiweka mbele ya mwanawe. Na mwanawe, ambaye tumbo lake halina aibu, akakinyonya chote mpaka mifupa ikawa myeupe.

Shangazi alisimama. Aliifuta mikono kwenye kanga, akarudi kwenye karai lake, akatupa mgongo. Nikamsikia akiwaambia wenzake kwa Kinyasa kwamba mgeni amekirudisha. Wakaguna wote. Ngoma ilikuwa inaendelea, watu wanacheka, na mimi ninaona ndoa yangu inaungua kwenye mafuta ya kukaangia.

Mama si mjinga. Aliacha kula.

"Nimekosea nini?" akaniuliza. Aliniuliza mimi, hakumuuliza mwanawe.

Mchumba wangu alinitazama kwa macho ya kuniomba ninyamaze. Lakini hapo nani angeeleza kama si mimi? Nimekula katika nyumba ngapi za Wamatengo, najua wenzetu wanavyoketi mezani. Nikamwambia mama kile kichwa kilikuwa chake, na maana yake ni nini. Kisha nikapaza sauti ili shangazi asikie vizuri: "Shangazi, kwao kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba. Akiwa hayupo baba, ni ya mtoto wa kiume. Mama hawezi kuigusa. Ameona kilicho kizuri kwenye sinia, akampa mwanawe wa kiume. Ametoa heshima, hajarudisha."

Shangazi akageuka. "Hata akiwa mgeni haigusi?"

Mama ndiye aliyejibu. "Nimeolewa nikiwa msichana, mama. Kuku nimewapika mimi mwenyewe miaka yote hiyo. Firigisi ninaijua kwa harufu tu." Alisema bila kulalamika, kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda kisimani. Mchumba wangu aliinamisha kichwa, akawa hana pa kuweka ile mifupa.

Mimi nilisikia uchungu, na sikuutegemea. Nilikuwa nimeteremka na mwanamke yule nikitaka kumshinda.

Mbasa wengine hawakuwapo, ila shangazi alikuwa na mmoja mdogo wa kula mwenyewe. Akamkaanga palepale, akamleta kwenye sahani peke yake, akapiga magoti mchangani na kukiweka kichwa mbele ya mama.

Mama alikila. Alianza na mashavu, akaja macho, akavunja mfupa na kunyonya ndani, bila haraka, na sisi wote tunangoja. Mchumba wangu alinyoosha mkono amsaidie kutoa miiba. Mama akampiga kofi mkononi.

Alipomaliza alinawa, akafuta midomo kwa ncha ya kitenge, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tutoke Mbinga.

"Mwambie baba yako tutakuja kubisha hodi kabla kahawa haijaiva," akasema. "Na siku hiyo kichwa wasimpe huyu. Wanipe mimi."